Ghorofa la Udongo

Kwa miaka minne mama yangu alibisha hodi kwenye nyumba aliyokuwa akiishi.

Hakuwa mgeni. Tulikuwa tunaishi wawili tu, mimi na yeye, ghorofa ya tatu, Upanga. Kitanda chake kilikuwa chumba cha pili, dawa zake za macho zilikaa juu ya friji, msala wake ulining'inia nyuma ya mlango. Nilimchongeshea hata ufunguo wake, nikautundika kwenye msumari, na haukuwahi kushuka pale. Kila aliporudi, awe ametoka kliniki au ameshuka tu kununua ndimu, alisimama kwenye kizingiti akasema, "Hodi." Mlango uko wazi, mimi niko ndani, na bado haingii. Naweza kuwa jikoni nakaanga samaki, mafuta yananirukia mkononi, lazima niache niseme, "Karibu, mama." Hapo ndipo anavua kandambili zake na kuingia.

Mtu habishi hodi kwake. Mtoto wa chekechea analijua hilo. Siku za mwanzo nilimtania: "Mama, unambishia nani hodi? Mende?" Alicheka kidogo, na kesho yake akabisha tena. Baadaye niliacha kumtania, kwa sababu nilijua kosa ni langu, na yeye alijua kwamba ninajua.

Kosa lenyewe ni hili. Nyumba yetu ya Kariakoo ilikuwa ya bibi, mzaa mama. Nyumba ya Kiswahili kama zilivyokuwa zote mtaani pale: baraza mbele, ukumbi mrefu unaokata katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, na nyuma uani, ambako ndiko maisha yenyewe yalikuwa. Chumba cha kati upande wa kushoto kilikuwa cha mama. Ndimo nilimozaliwa, na ndimo nilimorudi na begi langu ndoa iliponishinda. Bibi alipofariki, wajomba walitaka kuuza, maana kila upande maghorofa yalishapanda na sisi tulikuwa tumebaki katikati kama jino moja. Macho ya mama yalikuwa yameanza kuingia ukungu, karatasi hazisomi, akaniandika mimi nimwakilishe kwenye kikao. "Wewe ndiye macho yangu," alisema. "Waambie bado nafikiri."

Sikuwaambia. Nilikaa kwenye kikao kile nimechoka na paa linalovuja, nimechoka na choo cha uani na kelele za wajomba, na moyoni nilishaiona flati ya Upanga yenye bomba jikoni. Kalamu ilipofika kwangu nikatia sahihi kwa niaba yake. Nilipomweleza jioni ile alisema neno moja, "Haya," akaanza kukunja kanga zake. Angenitukana ningepumzika. Siku ya kuhamia Upanga alifika mlangoni, akashika ukuta, akasema, "Hodi." Basi ikawa hivyo. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nilikuwa nimemwaga ndoo nzima.

Nilichotaka kuliko kitu chochote, kwa miaka yote hiyo, ni kumwona mama anafungua ule mlango na kuingia kimya.

Kazi yangu ni udongo. Nafinyanga vyetezo, vile vya kufukizia udi, na majiko madogo ya mkaa, kwenye kiwanja nilichopanga mtaa wa Gerezani, nyuma ya mafundi wa kuchomelea na wauza spea. Kule kila mtu anapiga chuma, mimi peke yangu ndiye mwenye kitu kinachovunjika. Najulikana kwa mambo mawili: matundu ya vyetezo vyangu, ambayo nayakata kwa kisu chembamba moja moja, na mdomo. Sikatai. Hasira zangu ni za karibu, zinawaka na kuzimika kabla chai haijapoa.

Siku moja akaja binti amevaa kofia ngumu ya ujenzi na raba zilizojaa vumbi la saruji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Vyetezo viko pale, majiko pale. Ukivunja ni chako."

Akasema yeye ni msanifu majengo. Alikiona chetezo changu nyumbani kwa shangazi yake, na sasa anataka nimtengenezee kitu cha kuweka kwenye ukumbi wa kuingilia wa ghorofa jipya alilolichora. Kitu kikubwa, cha kufika kiunoni.

"Chetezo cha kufika kiunoni?"

"Hapana, mama. Sanamu."

Nikamwambia hapo amepotea njia. Mimi ni Mwislamu, sifinyangi mtu wala mnyama. Akasema vizuri sana, kwa sababu yeye mwenyewe hataki mtu wala mnyama. Hataki twiga, hataki Mmasai na mkuki, hataki mama mwenye mtungi kichwani.

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kitu kisichofanana na kitu chochote. Lakini mtu akikitazama, ahisi jengo."

Nilimkazia macho nikidhani ananifanyia utani. Nimefinyanga zaidi ya miaka ishirini na kila nilichotengeneza kilikuwa na kazi: hiki kinabeba kaa, kile kinabeba sufuria. Kitu kisichofanana na kitu unakiuza vipi? Unakisafishaje? Nilitaka kumfukuza. Lakini ugonjwa wangu mwingine, mbali na mdomo, ni udadisi, na swali lake likanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Jengo linahisiwaje? Nikamwambia aniache nikalione kwanza hilo ghorofa lake.

Alipotaja mtaa tu, nikautambua: ni mtaa wetu wa Kariakoo. Nikajipa moyo kwamba mtaa ni mrefu. Kesho yake nikaenda, na nilipoiona ile nguzo ya umeme iliyopinda, ambayo utotoni tulikuwa tunafungia kamba ya kurukia, nikajua. Ghorofa lake lilisimama juu ya nyumba yetu. Pale palipokuwa na baraza palikuwa na rundo la kokoto. Juu yake vioo, na mbavu ndefu za zege zilizotoka nje ya ukuta, na kileleni mafundi wanamwaga zege, ndoo zinapanda kwa kamba. Nilisimama pale sijui nilie au nihesabu madirisha. Nikahesabu madirisha.

Fundi mmoja aliyekuwa anakoroga zege aliniomba nisogee. Jua lilikuwa la kichwani, nikamwuliza kwa nini wasipumzike hata kidogo. "Mama, zege halilali," akasema. "Ukilianza leo unalimaliza leo. Likilala, linashika vibaya." Nikacheka. Mjini wote tunatumia msemo huo kuharakishana, na mimi nilikuwa sijawahi kukutana na wenyewe.

Mtu mwenye haya zake angeikataa kazi ile. Nilimwendea binti nikiwa nimeshapanga maneno ya kukataa, nikajisikia nauliza, "Zile mbavu za zege zinafanya nini?" Akanieleza. Jua la mchana linapiga mbavu badala ya kupiga ukuta, upepo unapita katikati, ndani kunabaki na ubaridi. Akasema maghorofa mengi ya zamani mjini yalijengwa kwa akili hiyo, kabla watu hawajaanza kutegemea viyoyozi.

"Basi ni chetezo," nikamwambia. "Wewe unatoboa upepo uingie, mimi natoboa moshi utoke."

Akatoa simu akayaandika maneno yangu. Nani aliwahi kuandika maneno yangu? Nikaikubali kazi palepale, na mama nikamwambia tu kwamba nimepata kazi kubwa. Ni ya jengo gani, sikumwambia.

Nimekulia Kariakoo, lakini nilikuwa sijaitazama kuanzia mabegani kwenda juu. Hakuna mwenye muda huo. Macho ya Kariakoo yako chini: unaangalia pochi yako, unaangalia dimbwi, unaangalia mkokoteni unaokuja nyuma na mwenyewe anapiga mluzi umpishe. Mimi nikatembea wiki mbili nimeinua kichwa. Niliona ngazi zilizokingwa kwa matofali ya matundu, kila jengo na nakshi yake, ya nyota, ya ua, ya pembe nne. Niliona vibaraza vilivyokusudiwa mtu akae anywe chai, vimejaa marobota ya nguo hadi kwenye dari. Niliona ghorofa moja jembamba limelala katikati ya mawili mapana kama mtoto katikati ya wazazi. Nikawa najiuliza maswali ambayo sikuwa na wa kumwuliza. Kwa nini jengo lile refu halionekani zito, na lile fupi linaonekana limechoka? Kwa nini ukuta wenye matundu unakuita, na ukuta mzima unakufukuza?

Siku moja karibu na soko nilisimama muda mrefu nikijaribu kuelewa jinsi kibaraza cha ghorofa ya sita kilivyoning'inia bila nguzo. Mchuuzi wa soksi akasimama pembeni yangu, naye akatazama juu. Akaja mwenye sinia la ndizi. Wakaja wanafunzi. Punde tukawa watu kama ishirini tumeinua shingo, na nyuma yetu mtu anauliza ni nani anataka kujirusha.

"Unaangalia nini, mama?" mchuuzi wa soksi akaninong'oneza.

"Kile kibaraza. Kimeshikwa na nini?"

Akakitazama upya. "Yaani ni ghorofa tu?"

"Ni ghorofa tu."

"Basi umetupotezea muda." Lakini hakuondoka. Alihamisha soksi zake kutoka bega hili kwenda bega lile, akaendelea kuangalia. "Ila kweli, mama. Kimeshikwa na nini?"

Nikarudi Gerezani nikaanza kazi. Udongo ni kinyume cha zege. Zege halilali, lakini udongo usipolala haushiki. Nilichanganya udongo mweupe wa Pugu na vigae vya vyetezo vilivyovunjika, nimevisaga, ili usipasuke motoni. Nikautandaza kama chapati nene, nikakata kuta. Kila ukuta uliposimama niliufunika kwa gunia bichi, nikauacha ulale hadi kesho, ndipo ubebe kitu juu yake. Mara tatu kazi iliporomoka. Mara ya pili nilitukana hadi fundi wa kuchomelea akazima mashine yake ili asikie vizuri.

Tanuri langu ni dogo, kwa hiyo kazi niliigawa vipande viwili vya kupandana. Cha juu kilikuwa mnara wa mbavu nyembamba, zimesimama zimepangana, kila moja imepinda kidogo kumkwepa mwenzake. Cha chini kilikuwa kipana na kizito, pembe nne zisizonyooka sawasawa, na matundu madogo ubavuni. Watu wa spea walikuja kila siku kubishana. Mmoja akasema hiyo ni rejeta ya lori. Mwenzake akasema ni mzinga wa nyuki. Muuza betri, mtu mzima, alikizunguka mara mbili, akaniuliza mbona hakina mbele wala nyuma. Nikamjibu kinayo mbele, ila sitaki kumwonyesha. Ukweli ni kwamba sikuijua. Nilichojua ni kwamba nilikuwa naamka asubuhi nina hamu ya kwenda kazini, na hamu hiyo vyetezo vilishaacha kunipa zamani.

Ndani ya kile kipande cha chini hakuna ambaye angeona, na kule ndani sikuwaza uzuri. Niliwaza moto. Kitu kilichozibwa kote hulipuka tanurini, hewa lazima ipate pa kupita. Kwa hiyo nikaacha njia moja inayokata katikati kutoka mbele hadi nyuma, nikasimamisha kuta za kubeba mnara, vijumba vitatu huku na vitatu huku, kila kijumba nikakitobolea tundu la kutokea nje, na nyuma nikaacha pako wazi juu. Tundu moja lilipokuwa linakauka likatoa ufa. Nikalijaza udongo, nikalipapasa kwa kidole kilicholowa, nikalisahau. Vipande vyote viwili vilitoka motoni salama, vyeupe kama ganda la yai. Nilivizunguka nikitabasamu peke yangu.

Zikiwa zimebaki siku nne za kukabidhi, mvua ikanyesha na maji yakaingia kiwanjani. Nikaogopa. Nikapakia kazi kwenye bajaji nikaipeleka Upanga. Mnara nikauweka chumbani kwangu juu ya godoro. Kipande cha chini kilikuwa kizito, mwenye bajaji akanisaidia kukipandisha ngazi tukakitua sebuleni, juu ya mkeka. Mama alikuwa amelala. Asubuhi yake, kabla hajaamka, nilitoka kwenda kutafuta sponji za kufungia.

Nilirudi baada ya adhuhuri. Nilikuwa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili pua iliponiambia. Udi.

Nilimkuta mama ameketi kwenye mkeka, ameitanua kanga yake kama hema, anajifukiza. Kwenye ule uwazi wa nyuma wa kazi yangu alikuwa ametumbukiza makaa mawili mekundu na vipande vya udi. Moshi ulikuwa unatoka kwa raha zake kwenye matundu, na kila tundu lilishaota mdomo mweusi.

"Mama, umefanya nini? Hicho si chetezo. Hiyo ni kazi ya watu."

"Si chetezo?" Alishangaa kwa dhati. "Kina matundu, kina pa kuweka kaa, kimetoka mikononi mwako. Nilisema hiki bila shaka ni cha harusi kubwa, ngoja nikijaribu kama kinavuta. Sasa kama si chetezo ni nini?"

"Ni sanamu."

"Sanamu ya nani?"

"Si ya mtu. Ni ya jengo. Haifanani na kitu chochote."

"Mh," akasema mama.

Nilifoka maneno ambayo sitayaandika hapa, maana ni mama yangu. Wiki sita za kazi, siku tatu zimebaki, na kitu cheupe kimepakwa masizi kama sufuria la maandazi. Nilikuwa natafuta kitambaa, machozi ya hasira yananitoka, na yeye hanisikilizi hata kidogo. Macho yake yanaona mwanga na vivuli tu, kazi ya kuona ameiachia mikono. Alikuwa anaweka kiganja juu ya tundu, anakiacha kidogo moshi umguse, anahamia tundu linalofuata. Nikamsikia anaongea polepole, kama anayehesabu watu waliorudi salama.

"Mlango huu hapa. Kulia, cha mbele, cha bibi yako, kinatoa. Kushoto, cha mbele, yule mpangaji fundi cherehani, kinatoa. Kulia cha kati, wajomba zako, kinatoa." Kiganja kikavuka upande wa pili. Kikasimama. Kikapapasa ukuta mtupu, juu, chini, tena juu. "Kushoto cha kati hakitoi."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Nikakitazama kile kitu nilichokifinyanga mwenyewe, na nikakiona kwa mara ya kwanza. Ukumbi katikati. Vitatu kulia, vitatu kushoto. Na nyuma, pale alipotumbukiza makaa, uani. Watu wote wa Gerezani walikuwa wameniuliza ni nini, na mimi nilikuwa nawajibu kwa kiburi.

"Umekiziba changu," mama akasema. Hakusema kwa ukali. Alikuwa anataka kujua.

"Kilikuwa na ufa, mama. Kingepasuka motoni. Wallahi sikujua hata kwamba ndicho."

"Hata chumba chenyewe kilikuwa na ufa. Mvua ikinyesha maji yanaingia mpaka kwenye kona ya kitanda. Tulikiziba? Tuliweka beseni."

Nikacheka, na kicheko kikageuka kilio kibaya, cha kamasi, na kile nilichokaa nacho miaka minne kikatoka kama kilivyo. Nikamwambia nilitia sahihi bila ruhusa yake. Nikamwambia hakuna aliyenilazimisha, nilikuwa nimechoka na nilitaka bomba jikoni, sababu yote ni hiyo, nyingine hakuna. Nikamwambia jengo ambalo kitu hiki kinakwenda liko palepale, juu ya nyumba yetu, na nimemficha. Nikamwambia, "Nisamehe, mama."

"La jengo najua," akasema. "Ungekifinyanga hivi kwa ajili ya jengo gani jingine?" Kaa moja likapasuka mle ndani. "Mimi nilidhani umeisahau ile nyumba. Siku tunahama hukugeuka nyuma hata mara moja. Nikajiambia, kumbe huyu mtoto kule alikuwa mpangaji tu."

Akakichukua kitambaa mkononi mwangu, akajifutia masizi viganjani, akanirudishia.

"Lete maji na msumari," akasema. "Ukitoboe."

Udongo uliokwisha kuchomwa hautobolewi kirahisi, na hapo hasa ndipo palipokuwa na ufa. Ungefunguka, kazi nzima ingekatika vipande viwili. Nikamweleza. "Basi taratibu," akanijibu. Nikachukua msumari wa zege, nikauzungusha kwa mkono, nadondoshea maji, nazungusha, nadondoshea, toka alasiri hadi jua likaanza kuingia jikoni. Mama alibandika kiganja ubavuni mwa kile kitu asikilize. Mara mbili aliniambia, "Acha," nikaacha, tukangoja, akasema, "Haya." Vidole vyangu vilikuwa vimechubuka na sikuthubutu kulalamika.

Msumari ukapenya. Mama akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, kama wanavyogonga wanunuzi wote. Chungu kizima hulia, chenye ufa hukohoa. Kikalia. Akatia kaa jipya na chembe ya udi, akaweka kiganja kushoto, katikati, akangoja.

"Kinatoa," akasema.

Masizi hayakutoka. Nilijaribu ndimu, nilijaribu majivu, nikachoka. Nikampelekea binti kazi yake ikiwa vile, nimejiandaa kwa ugomvi, hata majibu nilishayapanga. Akainama, akanusa. Akaniuliza kama nimekusudia ule weusi. Nikamwambia hapana, mama yangu alidhani ni chetezo. Akazunguka tena, akapiga magoti na kofia yake ngumu akachungulia ndani kupitia uwazi wa nyuma, akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyotarajia. "Mama, usiguse kitu," akasema. Kisha akaniuliza mbona tundu moja halifanani na mengine, limekwenda upande. Nikamwambia hilo lilitobolewa mwisho, na mengine atamwuliza mama yangu mwenyewe.

Wiki chache baadaye, jengo lilipofunguliwa, mama akasema nimpeleke akakishike mahali kilipo.

Tulienda alasiri. Alivaa baibui lake jipya. Tulipofika kwenye ile nguzo iliyopinda aliikuta kwa mkono, akaipigapiga kidogo, tukapita. Kadiri tulivyokaribia ndivyo nilivyopunguza mwendo, kwa sababu nilikuwa nimeshapiga hesabu yangu kichwani. Mama akiingia humu kimya, nilijiambia, basi kwake bado ni hapa, na mimi nitaitika hodi yake Upanga mpaka siku ya mwisho.

Mlango ulikuwa wa kioo, ule unaojifungua wenyewe. Ukafunguka. Mama akasimama kwenye kizingiti, akashika ukuta.

"Hodi," akasema.

Mlinzi kwenye meza yake akainua kichwa kama aliyeitwa jina. Nadhani tangu jengo lifunguliwe hakuna aliyewahi kumbishia hodi pale. Watu wanapita tu na simu zao. "Karibu, mama," akasema, akainuka kabisa. "Shikamoo."

"Marahaba, baba."

Alivua kandambili, nikamwambia huku hawavui, akavua hivyohivyo. Nikamwongoza hadi kilipo. Alipandisha mikono kwenye mnara, akazihesabu mbavu kwa vidole, akashuka hadi chini, akazunguka, akalipata tundu lililokwenda upande. Akaingiza kidole, akakitoa, akakinusa.

"Watu wanauliza hiki ni kitu gani?" akamwuliza mlinzi.

"Kila siku, mama. Jana mmoja kasema rejeta."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi bado nachunguza."

"Chunguza," mama akamwambia. "Usiwe na haraka." Akaniomba mkono nimwinue, akatafuta kandambili zake, akaaga. Hakuuliza habari ya chumba, hakuuliza uani ilikuwa upande gani. Njia nzima ya kurudi alizungumza habari ya bei ya ndimu.

Tulifika Upanga adhana ya magharibi ikiadhiniwa. Alipanda ngazi mbele yangu, mkono ukutani, mimi nyuma na mfuko wa ndimu. Kwenye ghorofa ya tatu akageuka akanyoosha kiganja. "Nipe ufunguo." Nikampa. Alilitafuta tundu la kitasa kwa kidole, akalipata, akafungua. Neno "karibu" lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu, limekaa tayari kama kila siku.

Akavua kandambili zake akaingia. Nikasikia bomba la jikoni linafunguliwa, anatawadha.

Nilibaki pale kwenye ngazi na ndimu zangu.

"Mbona umesimama nje kama mgeni?" sauti yake ikanifuata kutoka jikoni. "Ingia ufunge mlango, mbu wanaingia."